Somo na Bundi wa Gofuni

Nimeogopa vitu vingi maishani. Nimeogopa simba, nimeogopa radi, nimeogopa marehemu mume wangu siku alizorudi amelewa. Lakini hakuna niliyemwogopa kama Somo, na wala hakuwahi kuninyanyulia mkono.

Somo ni yule mama anayemshika msichana mkono wakati wa unyago, akamfunda, akamtoa nje akiwa mtu mzima. Ukishatolewa, yeye ni wako na wewe ni wake mpaka mmoja wenu afukiwe. Aliyoniambia kule ndani hayaandikwi. Nitaandika ya nje. Jina lake analo na ukoo wake anao, na wenye ukoo wapo, waulizeni wao.

Alikuwa mfupi, mweusi sana, ana sauti ya mwanamume. Mimi nina wajukuu, na mmoja wao ameshaolewa, lakini Somo aliendelea kuniita mwali. Mbele za watu! Nimekaa na heshima yangu kwenye shughuli, nasikia, "Mwali wangu, hebu inuka uchukue ufagio." Watoto wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Nami nainuka. Ningefanyaje?

Kanisani alikaa benchi la mbele, mama wa kanisa mwenye kitambaa cheupe kichwani, na ubani ukipita alivuta pumzi kama mtu anayenusa mchuzi. Wakati wa unyago alikaa mbele vilevile. Padri mmoja kijana alimuuliza kama hayo mawili hayagombani ndani yake. Somo akamjibu, "Baba, mimi nina mikono miwili, na yote inafika mdomoni." Padri akacheka, akaacha kuuliza.

Alikuwa na tabia ya kujitemea mate kifuani akishtuka. Alivuta kola ya gauni, akatema kidogo, tfu, kisha akaendelea na maneno yake kama hakuna kilichotokea. Mtu asiyemjua aliona mama mkali asiyetishika. Mimi nilihesabu yale mate. Nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa anaogopa kutwa nzima.

Aliogopa ng'ombe, maji mengi na pikipiki. Zaidi ya vyote aliogopa bundi. Bundi akilia alinyamaza katikati ya neno, akaziba masikio kwa viganja, na ungeona shingo yake inatetemeka. Sasa mtu huyo ndiye aliyetupeleka gofuni.

Ukitoka kijijini kwetu kuelekea Chiwata, chini ya mlima, lipo gofu la misheni ya zamani. Kuta za mawe bado zimesimama, na milango yake ina matao, ila paa halipo. Lipo tangi la maji la mawe, kubwa kama nyumba, na nyuma yake ni makaburi ya wale wa kwanza waliobatizwa, mababu zetu wenyewe. Kuzunguka hapo miti imejifungia, minene, ambayo kwingine kote imeshakuwa mkaa. Hakuna aliyeigusa, maana hakuna aliyethubutu kuingia. Humo bundi wanakaa kwenye matao, popo wanakaa kwenye tangi, na komba analia kama mtoto aliyeachwa. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ukimsikia usigeuke. Njia ya mkato kwenda zahanati inapita hapohapo, na watu kwa woga wao walizunguka mbali wakiwa na mgonjwa kwenye baiskeli.

Siku moja baada ya misa, kwenye matangazo, Somo alisimama. Hakuitwa. Akasema, "Mababu zenu wanalala kwenye upupu. Wagonjwa wenu wanazunguka mlima. Nani anakuja kufyeka Jumamosi?"

Mtu akakohoa.

"Mwali wangu ameshakubali," akasema, akaninyooshea kidole.

Mimi sikuwa nimefungua mdomo. Lakini watu waligeuka kunitazama, na wengine wakaona haya, wakainua mikono. Hivyo ndivyo kikundi chetu cha kujitolea kilivyoanza, kwa haya na kwa woga. Alikuwamo Mama Tekla, jirani yangu, mwenye kicheko kikubwa. Alikuwamo Baba Raheli, mwenye mikorosho mingi na maneno mengi. Wengine walikuja na kuondoka.

Baba Raheli alisema hatuingii bila kuomba kwa wenyewe, wale mababu. Kwetu, jambo kubwa likianza, unamiminwa unga wa mtama chini ya mti wa msolo jioni, usimame kama kichuguu. Asubuhi ukiukuta umesimama vilevile, waliolala wamekubali. Ukiukuta umebomoka, funga mzigo wako urudi. Wa kanisani wakanung'unika kwamba hayo ni ya kizamani. Somo akasema tutasali asubuhi na tutamimina unga jioni. "Mungu hana wivu na unga," akasema. Akaumimina mwenyewe.

Asubuhi tulikwenda wote, tumebanana kama mbuzi wa mnada. Unga ulikuwa umetawanyika. Hakuna kichuguu tena, ni vumbi jeupe kwenye majani, na alama ndogondogo za kucha.

Sote tukarudi nyuma hatua moja. Nakumbuka Mama Tekla alinishika gauni.

"Wamekataa," akasema Baba Raheli. Panga lake lilikuwa limeshashuka. "Mimi nimesema, na nyote mashahidi. Wamekataa."

Somo alipiga magoti. Alitazama ule unga muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake, na niliiona ile shingo inatetemeka. Akajitemea kifuani. Kisha akainuka, akafuta magoti.

"Wamekula," akasema.

"Somo!"

"Wamekula, Baba Raheli. Tangu lini mtu anayekukataa akala ugali wako? Mkweo akikukataa, si anaacha sahani ilivyo? Hawa wamekula mpaka wametawanya. Njaa gani hiyo waliyokuwa nayo, na ninyi hapa mnarudi nyuma!"

Mama Tekla akapasuka kicheko, na sisi wengine tukacheka naye. Tulicheka kwa sababu ya woga. Tukashika mapanga. Lakini Baba Raheli hakucheka, na sikumlaumu. Aliyekula unga ule alikuwa sange, kile kinyama kama panya chenye pua ndefu, mimi nadhani hivyo. Au hakuwa sange. Hata leo nikipita pale peke yangu siulizi.

Kazi ya Somo ilikuwa na sheria. Tulifyeka upande wa njia na makaburi tu. Akatuvutisha kamba ya katani kutoka kwenye tangi hadi kwenye ule msolo, akasema upande huu wetu, upande ule wao. Ng'ambo ya kamba usikate hata fito. Mawe yaliyoanguka usiyaondoe yote, maana kenge na sange wanalala humo. Bwana wa wanyamapori alikuja mara moja akasema maneno kama hayo, akasema pia bundi waachwe kwa sababu wanamaliza panya wanaokula mbegu zetu za karanga. Sote tuliitikia. Tulipokuwa tunarudi, nikamwambia Somo polepole kwamba hao bundi tungeweza kuwafukuza kwa moshi, na yeye mwenyewe angelala vizuri.

"Mwali wangu," akasema, "nani amelinda miti hii miaka yote? Mimi? Serikali?"

Nikahamishia panga mkono wa pili.

"Woga ndio umeilinda. Sisi leo tunafungua njia, tunaweka viti, watu wazoee. Wakizoea kabisa, watakuja na shoka. Acha woga kidogo ubaki mle ndani. Nauogopa huo woga kuliko wewe, lakini acha ubaki."

Sikumwelewa. Niliona ni mtu anayeweka nyoka chumbani ili mwizi asiingie.

Tuseme na ya kuchekesha. Nyoka walikuwepo kweli, na kila mkulima wa korosho kwetu anajua kwamba nyoka hapendi salfa, ile poda ya njano tunayopulizia mikorosho. Somo akatuamuru kila mtu alete masalio ya nyumbani. Tukaimwaga kuzunguka kuta zote. Upepo wa mlimani ukashuka wakati huohuo. Macho yakawaka, tukakimbia huku na huku tukilia, nguo zetu zote njano kama vifaranga.

"Somo, nyoka wako wapi sasa?" akauliza Mama Tekla, kamasi zinamtoka.

"Wanalia kama wewe," akasema Somo, naye haoni mbele. "Nyamaza uwasikilize."

Baada ya mvua mahali pale pakapendeza. Sisemi uongo, palipendeza. Njia ilifunguka, wagonjwa wakapita. Tuliweka viti vya matofali, wanafunzi wakaja kukaa na walimu wao kuangalia ndege kwenye beseni la maji tulilolijenga kando ya tangi. Makaburi yalionekana, na watu waliwapata babu zao ambao hawakujua wamelala wapi. Somo alikuwa anazunguka na fimbo yake, anapiga kelele kwa anayechuma ua. Ukimsifu anakukasirikia. "Sifa mpe aliyekufa, haimvimbishi kichwa." Chakula chetu cha kazini alikipima kwa ubahili, chumvi aliificha kwenye pindo la khanga. Lakini mjane mmoja alipofiwa, niliona mfuko mzima wa mihogo mikavu mlangoni pake, na nyayo ndogo za Somo kwenye mchanga. Nikamtajia. Akasema nimezeeka macho.

Kisha Mama Tekla akaugua. Tulikuwa kwenye msimu wa korosho, kila mtu ameinama anaokota. Jioni alikuwa ananiambia mgongo unamuuma, na kabla juma halijaisha tukawa tunamwosha. Somo ndiye aliyeongoza kumwosha. Hakulia. Wengine waliona hilo, kwamba hakulia.

Haukupita muda mrefu akafa mzee mwingine aliyekuwa anatusaidia kujenga viti. Kwetu maiti wa kwanza analeta maneno, wa pili analeta jina. Watu wakaukumbuka unga. "Wamekataa, nilisema mimi," akasema Baba Raheli kilabuni, kisimani, kila mahali. Wakakumbuka kamba ya katani: kwa nini tusivuke? Anaficha nini ng'ambo? Wakakumbuka bundi. Mtu gani mwenye akili anawatetea bundi wasifukuzwe? Anayewatuma ndiye anayewatetea.

Nilikuwa nayasikia haya nikiwa na ndoo kichwani. Nawajua watu wangu. Wakati wa mchana wanakusalimia, shikamoo, na wewe unaitika marahaba, na hapohapo wameshasema ndani ya mioyo yao kwamba mchawi ni wewe. Baba Raheli hakuwa mtu mbaya. Mjukuu wake alikuwa ameanza kuanguka kifafa, na alikuwa anatafuta pa kuishika ile hofu. Ukaitishwa mkutano, pakatolewa wazo la kumwita mganga wa kusafisha kijiji, anayenyoa watu vichwa na kuwataja. Mwenyekiti alikataa, akasema sheria haimruhusu. Watu wakatawanyika bila kujibu, na huko kutokujibu kulinitisha zaidi.

Siku chache baadaye, asubuhi, mtoto akaja mbio: "Bibi, Somo anakuita." Nikakuta amesimama katikati ya uwanja wake, mgongo ameupa mlango. Mlangoni palikuwa pamening'inizwa bundi aliyekufa, miguu imefungwa kwa ile kamba yetu ya katani. Mabawa yamefunguka. Alikuwa amefungua mlango akamgusa kwa uso.

"Mwali wangu," akasema, hakugeuka. "Mtoe."

Nilimtoa. Nilichimba shimo nyuma ya choo nikamfukia, na tulipoingia ndani niliona amejitemea mpaka gauni limelowa.

Binti yake akaja kutoka Newala, hakunywa hata maji, akamfungia nguo zake na kumpandisha mlimani kwake.

Sasa lililofuata ndilo nisilolitegemea. Nilidhani Somo akiondoka woga utapungua. Ulihama tu. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaogopa gofu, sasa walikuwa wanamwogopa mtu, na mtu huyo yuko Newala. Basi gofu likabaki tupu, halina wa kuliogopa. Jumamosi tulikuwa tunakwenda wanawake wachache, na siku moja tulipofika tulisikia shoka ng'ambo ya kamba. Mti ulianguka. Tulikimbia kama kuku. Tulipopata moyo wa kurudi, tuliona tanuri la mkaa limeshafukiwa udongo.

Nikapanda basi kwenda Newala. Nataka ieleweke nilikwenda kumwambia nini. Nilikwenda kumwambia asirudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: Somo, kaa kwa mwanao, kule bado wanasema, nikikupoteza kwa njia hiyo sitalala tena.

Newala upepo ni wa baridi na ukungu unaingia mpaka jikoni. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza mlangoni. Amepungua. Binti yake alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwali wangu. Habari za gofuni?"

Nikasema njema. Akanitazama. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, lakini mtu yule akinitazama hivyo siwezi kudanganya. Nikamwambia habari ya shoka, na habari ya tanuri, na kwamba Baba Raheli bado anasema, na kwamba nimekuja kumwomba asirudi.

Somo akanyoosha mkono. Akavuta kitu nyuma yake. Ulikuwa mzigo wake wa khanga, umeshafungwa.

"Mama!" binti akaacha ungo. "Mama, huendi popote. Wale watakuua."

"Huenda."

"Sasa?"

"Sasa mwanangu, naogopa. Tangu nifike hapa naogopa, kila siku, paka akiruka naogopa. Na hapa hakuna anayeujua woga wangu. Naogopa peke yangu kama mgeni." Akaweka mkono sakafuni ili ainuke, nikamshika. "Nitaogopea kwangu."

Binti alilia, akamgombeza, akanigombeza mimi kwamba nimemchochea. Mwisho akamvisha sweta lake mwenyewe. Tuliposhuka mlima, kwenye zile kona, Somo alinishika mkono mpaka Masasi, akaacha alama za kucha.

Stendini palikuwa na jua kali na kelele. Bodaboda walikuwa wamejipanga kivulini, na miongoni mwao alikuwa Damiani, mtoto wa marehemu Mama Tekla, mtu mzima mwenye watoto wake. Alituona. Akageuza uso kwenye tanki la mafuta la pikipiki yake, akaanza kulifuta. Wenzake waliokuwa wanatoka upande wa kwetu wakaanza.

"Damiani, abiria wako huyo!"

"Huyo? Huyo ana haja gani na pikipiki? Si anapaa mwenyewe!"

"Muulize nauli ya ungo!"

Wakacheka. Nilimvuta Somo mkono, nikamwambia twende, tutatafuta gari lingine. Alijitoa mkononi mwangu. Akaenda moja kwa moja, na mzigo wake, mpaka mbele ya pikipiki ya Damiani. Mmoja wao alisogeza pikipiki yake kando.

"Damiani."

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wanasema nimemla mama yako."

Damiani alikuwa ameshika kitambaa. Alikiminya. "Wanasema, bibi."

"Na wewe?"

Palikuwa na watu wengi pale, na mawe yalikuwepo ya kutosha, stendi ile haijawekwa lami yote.

"Mimi sijui, bibi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi naogopa."

"Hata mimi," akasema Somo. "Nakuogopa wewe, na wale wenzako, na hiyo pikipiki yako sijawahi kuipanda tangu nizaliwe. Utaenda polepole?"

Damiani alimtazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yamemjaa, na alikuwa ana hasira, nadhani, mwenyewe asijue na nani. Kisha akafuta siti kwa kile kitambaa, akauchukua mzigo akauweka mbele yake.

"Panda, bibi."

Mimi nilipanda ya nyuma yao. Tukapita mjini, tukaingia njia ya vumbi chini ya milima. Somo alikuwa amekaa wima kama mhimili, mikono ameikunja kifuani, hajashika kitu. Kila waliporuka shimo nilimwona anakaribia kuanguka, na dereva wangu akasema, "Mungu wangu, yule bibi." Nilipiga kelele, lakini upepo ulichukua maneno.

Damiani akapunguza mwendo. Akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akaupeleka nyuma, akautafuta mkono wa Somo bila kugeuka, akauvuta akauzungushia kiunoni mwake.

"Shika hapa, bibi," nikamsikia. "Usiponishika, tutaanguka wote."